Kaye Kumi na Moja

Mpwa wangu alikuja kwetu Katindo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, Jumapili moja baada ya ibada, akanikuta barazani na kaye za kwaya zimetandazwa juu ya mkeka. Kaye ndizo daftari. Goma hatuziiti vingine. Anasoma sheria, mwaka wa tatu, na tangu utoto wake hajui kuzunguka na maneno. "Mujomba," aliniambia kabla hata hajakaa, "ile Biblia balikopia mara ngapi mpaka kufika kwetu? Mutu mumoja anakosea, mwenye kumufuata anakopia lile kosa, mwingine anaongeza yake. Uko hakika namna gani kama ile unasoma ndiyo ile baliandika?"

Nilimpa kiti, nikampa na kaye moja aishike. Mazungumzo yetu yalikwisha jua linazama upande wa Sake. Nimeona niyaandike, kwa sababu swali lake nalisikia kwa vijana wengi, na wengi wao hujibiwa kwa kukemewa. Mimi pia niliwahi kukemewa, na kukemewa huko kulinipotezea karibu miaka miwili.

Nianzie kwenye moto. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilipasuka ubavuni, upande wa kusini. Lava ikashuka mjini, ikala kipande cha uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mtaa wa Birere, ikaingia Ziwa Kivu. Mji ulikatika vipande viwili. Malaki ya watu tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine wakashika njia ya Sake, na tuliporudi baada ya siku chache, tukikanyaga mabuye, mawe ya lava, yaliyokuwa bado na joto mpaka soli za viatu zikalainika, zaidi ya watu 100,000 walikuta hawana tena nyumba. Sisi tulikuwa kati yao. Kanisa letu la mbao lilikuwa chini ya mabuye. Ndani yake lilikuwamo kabati la kwaya, na ndani ya kabati kitabu kikubwa chenye jalada jeusi ambamo mzee mtunzi wetu aliandika nyimbo 43 kwa mkono wake. Mzee alikuwa amefariki mwaka 1999. Mimi nilikuwa sekreteri wa kwaya. Ufunguo wa lile kabati nilivuka nao mpaka mfukoni, nikarudi nao, nikakaa nao miezi mingi, ufunguo usio na mlango.

Mwezi wa tatu tuliitana. Kila mwanakwaya mwenye kaye yake ya nyimbo aliombwa ailete. Zilipatikana kumi na moja. Nyingine zilikuwa zimelowa, moja haina jalada, nyingine mama mmoja alikuwa ameivusha mpaka ndani ya kitenge pamoja na kadi za kliniki za watoto. Tukaanza kazi jioni baada ya jioni kwa taa ya petroli, watu wanne, tukisoma mstari mmoja katika kaye zote kabla ya kwenda mstari unaofuata.

Usiku wa kwanza nilikata tamaa. Hakuna kaye mbili zilizolingana. Huyu kaandika mtu, yule mutu. Huyu kaandika "umetuponya", yule "umetuponyesha". Nikasema moyoni, basi, mzee wetu kafa mara ya pili.

Lakini tulipozidi kusoma tulianza kuona kwamba makosa nayo yana tabia zake. Wimbo wa tisa ulikuwa na mistari miwili iliyofuatana, yote ikianza na "Bwana ulitushika mkono", mmoja jangwani, mwingine gizani. Kaye saba zilikuwa na mistari yote miwili. Nne zilikuwa na mmoja. Ilikuwa rahisi kuona kilichotokea: mwandishi aliinua macho kuvuta pumzi, akarudi chini, jicho likatua kwenye "Bwana ulitushika" ya pili. Kisha yule mama wa kitenge akagundua jambo ambalo sisi wanaume watatu hatukuliona. Hizo kaye nne zote zilikuwa za waimbaji wa sauti ya alto, na wote wanne walinakili kwa dada mmoja aliyekuwa kiongozi wao. "Hawa si mashahidi wanne," alisema, "huyu ni shahidi mumoja." Tangu siku hiyo hatukuhesabu tu kaye, tuliuliza kila moja ilizaliwa na ipi.

Kulikuwa pia na beti moja nzuri sana, katika kaye ya mwimbaji mmoja wa sauti ya tenor, ambayo haikuwamo katika nyingine kumi. Mimi niliipenda, nikataka iingie. Tulimwita mwenyewe. Hakubisha hata kidogo. Aliota usiku, akaamka, akaiandika mwisho wa wimbo wa mzee. Tukaiandika pembeni, tukaiwekea mabano.

Tulipomaliza, karibu na Pasaka ya mwaka uliofuata, mahali pa shaka palikuwa mistari tisa katika nyimbo zote 43. Tisa tu, na hakuna hata mmoja uliobadilisha wimbo unahusu nini. Nilishangaa. Kaye zenye makosa mengi, kila moja na makosa yake, zilikuwa zimetupa kitu safi kuliko kaye yoyote peke yake. Kosa la huyu lilisahihishwa na wale kumi. Tungekuwa na kaye moja tu tusingekuwa na ubishi wowote, na tusingejua ilipokosea.

Mwaka 2009 akarudi kutoka Bukavu mama aliyehama zamani kwa kazi ya mumewe. Alikuwa na kaye aliyonakili mwaka 1996, mbele ya mzee mwenyewe, mzee akimsomea. Mende walikuwa wamekula kingo, na zilibaki nyimbo 28. Mikono yangu ilitetemeka nilipoifungua, kwa maana sasa ningejua kama kazi yetu ilikuwa kweli au tulijidanganya. Mistari mitano kati ya ile tisa ilikuwamo. Minne tulikuwa tumeipata. Mmoja tulikosea. Na mahali pamoja neno "tena" lilikuwa limeanguka katika kaye zote kumi na moja bila mtu kujua. Tukalirudisha. Hayo ndiyo yaliyokuwa yote.

Mwaka uliofuata, katika maktaba ya chuo kimoja cha Biblia, nilisoma habari za Qumran. Ilinibidi nifunge kitabu nitoke nje kidogo. Kuanzia mwaka 1947, katika mapango karibu na Bahari ya Chumvi, yalipatikana magombo ya zamani, mengine ya vitabu vya Agano la Kale. Moja ni gombo la Isaya, lenye sura zote 66, urefu wake zaidi ya mita 7, lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, nakala za zamani kabisa za Kiebrania tulizokuwa nazo kwa ukamilifu zilikuwa za karne ya 10 na ya 11 baada ya Kristo. Hebu fikiri: miaka elfu moja ya watu kunakili kwa mkono, kisha nakala ya zamani zaidi inatoka pangoni. Nilijua moyo wa wale waliolifungua ulivyopiga.

Wakakuta tofauti, nyingi sana, na nyingi katika hizo ni za jinsi ya kuandika maneno, mtu na mutu. Chache zinagusa maana. Katika Isaya 53:11 gombo lina neno "mwanga", kwamba baada ya taabu yake mtumishi ataona mwanga, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inalo neno hilo pia, lakini nakala za Kiebrania za baadaye hazina. Ni "tena" yetu ileile. Lakini mtumishi ni yuleyule, ameteseka kwa ajili ya wengine kama alivyoteseka katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ambayo mama yangu aliisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa.

Kwa Agano Jipya kaye si kumi na moja. Nakala za Kigiriki peke yake ni zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa vipande, nyingine vitabu vizima, zimetapakaa kutoka Misri mpaka Ulaya. Na beti kama ile ya mwimbaji wetu wa tenor imo pia. Fungua Marko sura ya 16, kuanzia mstari wa 9 mpaka mwisho, au kisa cha mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi mwanzoni mwa Yohana sura ya 8: nakala za zamani zaidi hazina mistari hiyo, na Biblia nyingi zinaweka mabano au alama. Nimewaona watu wakitikisika kwa sababu ya yale mabano. Mimi yananipa utulivu. Mtu anayetaka kunidanganya hawezi kunionyesha kwa kidole mahali ambapo hana uhakika.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo bila kunikatiza, kisha akanishika pale mwanasheria anapomshika mtu. "Sawa, mujomba. Lakini uongo pia unaweza kukopiwa vizuri."

Ni kweli. Kunakili vizuri ni jambo moja, kusema kweli ni jingine, na wahubiri wetu wengi huruka kutoka la kwanza hadi la pili kama mtu anayeruka mfereji gizani. Kwa hiyo nilimsimulia kazi niliyofanya baada ya lava, ambayo alikuwa hajui.

Shefu wa avenyu yetu aliniomba nisaidie kuandika orodha za waliounguliwa nyumba, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu ulisomeka. Nilikaa na meza na biki chini ya turubai wiki kadhaa. Walikuja wenye haki, wakaja na wengine waliosikia kwamba kutagawiwa mabati. Siku za kwanza sikujua kutofautisha. Baadaye masikio yalifunguka. Wale waliojipanga kudanganya walikuja watatu wanne, na maneno yao yalilingana kama shairi la darasani: vyumba vitatu, vitanda viwili, redio moja, tulikimbia saa kumi na moja. Waliounguliwa kweli walibishana mbele yangu, mume na mke, kama mlango ulitazama ziwa au ulitazama mlima. Na walisema vitu ambavyo havikuwasaidia chochote. Mama mmoja alirudia mara tatu kwamba kuku wake alikuwa analalia mayai saba. Mayai hayapewi mabati. Aliyasema kwa sababu aliyaona.

Nilipoanza tena kusoma injili nikiwa na masikio hayo, nilisikia mayai yale kila mahali. Marko anasema Yesu alilala ndani ya chombo kichwa kikiwa juu ya mto. Anasema usiku wa kukamatwa kijana mmoja alishikwa shuka, akaiacha, akakimbia uchi, halafu hatuambiwi ni nani wala kisa chake kinafundisha nini. Yohana anahesabu samaki 153. Anayetunga hadithi ili watu waamini hahitaji kijana aliye uchi.

Na wanatofautiana. Mathayo ana malaika mmoja kaburini, Luka ana watu wawili. Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake, wakati wengine wanataja wanawake kadhaa, lakini sikiliza Mariamu huyo anavyowaambia wanafunzi katika Yohana 20:2: "wala hatujui walikomweka." Hatujui. Yohana hakuwataja wenzake, lakini mdomo wa Mariamu umewabeba.

Kwetu nyumbani tuna jambo kama hilo. Miaka yote mama alisimulia kwamba siku ile tulitoka na sufuria ya maharage tu, tukavukia mpaka wa Petite Barrière. Kaka yangu mkubwa alisimulia godoro na cherehani juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, na kuvukia Grande Barrière. Nilidhani mmoja amesahau, na kwa kuwa mama alikuwa anazeeka, nilimwekea yeye lawama kimyakimya. Ilikuwa kwenye matanga ya baba mdogo, miaka kumi baadaye, jirani alipotushangaa. "Kwani hamukumbuke? Alirudia!" Kaka alikuwa ametuvusha, akarudi peke yake kuchukua cherehani ya mama, akakuta njia ya juu imeshafungwa na moto, akazunguka kando ya ziwa. Wote wawili walisema kweli. Kuna neno moja halijapata jirani wa kulieleza mpaka leo: mama alisema majivu yalitunyeshea njiani, kaka anakataa. Sijui nani yuko sawa. Najua kwamba mlima ulipasuka.

Vivyo hivyo, sina ufunguo wa kila tofauti iliyomo katika injili, na sitamlazimisha mtu akubali ufunguo wa kubuni. Nilimwambia hivyo mpwa wangu, na niliona uso wake ukilegea kidogo, kana kwamba alikuwa akingoja nimdanganye hapo.

Kisha nikamwomba afanye hesabu. Tangu lava ile mpaka sasa ni zaidi ya miaka 20. Je, leo naweza kuandika kwamba lava ya 2002 ilipita Katindo na kufika Sake? Hawezi kuniacha hata muuza mkaa. Watu wangali hai, wana makovu, wanajua kila avenyu ilipokatika. Sasa, barua ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa karibu mwaka 55, yaani miaka kama 20 au 25 baada ya Yesu kusulubiwa. Na Paulo anawaambia katika sura ya 15 kwamba Yesu aliyefufuka aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, na kwamba wengi wao wangali hai wakati anaandika. Ni kama kusema: nauli mnayo, nendeni mkawaulize. Marko naye anapomtaja Simoni Mkirene aliyebeba msalaba anaongeza kwamba ni baba yao Iskanda na Rufo, bila kueleza ni akina nani hao. Wasomaji wake waliwajua.

Kuna la wanawake pia, na hili linanigusa kwa sababu ya mama. Siku mama alipokwenda kuandikisha nyumba yetu kwenye meza nyingine, mwandishi wa pale alimuuliza mume wake yuko wapi, aje aseme yeye. Baba alikuwa marehemu. Alirudishwa mara mbili. Katika nchi ya Yesu karne ile haikuwa tofauti. Josephus, mwandishi Myahudi wa wakati huo, aliandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe. Na bado injili zote nne zinawaweka wanawake kuwa wa kwanza kufika kwenye kaburi tupu, na Luka anasema mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Anayetunga kesi hachagui shahidi ambaye baraza litamfukuza mlangoni. Ameandikwa kwa sababu ndiye aliyekuwapo.

Mpwa wangu alinyamaza, akanywa chai, akaja na la pili ambalo nilijua linakuja. Kwamba ni kitabu cha wazungu, walikuja nacho mkono mmoja na fimbo mkono wa pili.

Fimbo siikatai. Babu yangu aliionja. Lakini Mkirene niliyekwisha kumtaja alitoka pande za Libya. Kile kipande kidogo cha nakala ya Injili ya Yohana kinachosemwa kuwa miongoni mwa vya zamani kabisa tulivyo navyo kilitoka katika mchanga wa Misri. Mwaka 367 Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliandika barua yenye orodha ya vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, na Wahabeshi walikuwa na injili katika lugha yao mamia ya miaka kabla Wareno hawajaiona Kongo. Na hapa kwetu: mwaka 1921 Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu akiwa na Biblia mkononi. Wabelgiji walimhukumu kifo, mfalme wao akageuza hukumu iwe kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipofia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Mtu anaweza kutokubaliana na mafundisho ya kanisa lililomfuata, mimi mwenyewe si wa kanisa hilo. Ninachouliza ni kwa nini serikali yenye bunduki iliogopa mtu mweusi anayekisoma kitabu chao, kama kitabu kilikuwa kamba yao.

Hapo nikafika kwenye lile ambalo sikuwa nimepanga kumwambia.

Wiki chache baada ya lava, mhubiri mmoja alisimama chini ya hema akasema Goma imeungua kwa sababu ya dhambi zake, na kwamba Mungu anajua avenyu alizozipitia. Safu ya mbele alikaa mjane jirani yetu, aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku kuomba, ambaye hakubakiwa na hata kijiko. Baa iliyokuwa avenyu ya nyuma ilisimama nzima na taa zake. Nilimfuata mhubiri baadaye nikamuuliza. Ndipo nilipokemewa. Aliniambia nina roho ya uasi. Niliondoka, nikaacha kwenda kanisani. Ile kazi yote ya kaye niliifanya kwa deni nililokuwa nalo kwa mzee, si kwa imani. Wenzangu walipofungua kwa sala, mimi nilikaa nje nikisafisha kioo cha taa.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2003, nimeishika Biblia ya mama kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa mezani, nikafika Luka 13. Watu wanamletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye anaongeza ya pili: "Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Nawaambia, Sivyo."

Nilisoma lile "Sivyo" nikaweka kitabu chini. Neno nililohitaji kwa ajili ya yule mjane lilikuwa limeandikwa humu muda wote, na lilikuwa linamkana mhubiri aliyekishika kitabu hichohicho mkononi. Na Yesu hakuniacha nifurahi bure, kwa maana anaendelea: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Mimi niliyekuwa nikimhukumu mhubiri mwaka mzima na nusu, sikuwa nimejihesabu kati ya hao "ninyi". Kitabu kilichotungwa na watu wa dini ili kulinda watu wa dini kisingesema hivyo. Kingewafunika. Hiki kinamwonyesha Daudi akimchukua mke wa mtu na kumuua mume, Petro akiapa kwamba hamjui Yesu mbele ya kijakazi, Nuhu amelewa hemani. Kina Zaburi ya 88, sala inayoanzia kwenye kilio na kuishia gizani bila jibu, na hakuna aliyethubutu kuibandikia aleluya mwishoni.

Baadaye nilitafuta Siloamu ni wapi. Ni mahali halisi. Mfalme Hezekia alichimba njia ya maji chini ya mwamba kuleta maji ndani ya Yerusalemu, mpaka Siloamu, inatajwa katika 2 Wafalme 20, na mfereji huo wenye mita 533 upo, watu wanaupita wakiwa na maji miguuni. Mwaka 1880 yalionekana maandishi yaliyochongwa ukutani humo, yakieleza jinsi wachimbaji walivyotoka pande mbili mpaka wakasikia sauti za wenzao ng'ambo ya mwamba. Mwaka 2004 zikafukuliwa ngazi za birika la Siloamu. Sisi wa Goma, mji uliojengwa juu ya mwamba wa lava, ambako mto hakuna na watoto wanapanda kutoka ziwani na bidoni za njano, tunaelewa kuliko wengi kwa nini mfalme angepasua jiwe kwa ajili ya maji. Mawe hayanithibitishii kwamba Mungu alisema. Yananiambia tu kwamba waliosimulia walikuwa wamekanyaga mahali hapo, na walipotaja mnara walitaja mnara ambao watu waliujua.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mbingu iliwaka tena nyekundu. Mama alikuwa na miaka 79. Safari hii lava ilisimama kwa Buhene, pembeni mwa mji, lakini ardhi ilitetemeka siku nyingi, na tarehe 27 tulipoamriwa kuondoka tukaenda kwa miguu njia ya Sake na umati wote. Mama alibeba kitu kimoja, na alikataa nimpokee. Usiku, tumelala kwenye veranda ya shule, kuta zikipasuka, alikifungua akasoma kwa tochi ya simu: "Kwa hiyo hatutaogopa ijapobadilika nchi." Aliogopa, mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu. Akasoma tena. Alifariki mwaka uliofuata, kitandani mwake, na Biblia ile sasa ni yangu.

Mpwa wangu hakuniambia kwamba ameamini, wala sikumuuliza. Aliuliza kama anaweza kubaki anisaidie, maana ninazinakili upya nyimbo za mzee kwa ajili ya vijana, na macho yangu yameanza kuchoka. Nikampa biki na kaye mpya. Aliandika taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alipokuwa mdogo. Alipofika wimbo wa tisa alisimama.

"Mujomba, hapa uliandika 'Bwana ulitushika mkono' mara mbili. Ni wewe ulikosea?"

Nikainuka kwenda kumletea zile kaye nyingine.